Kabla ya Kulipia Nyumba ya Tovuti Yako, Uliza Funguo Ziko kwa Nani

Wafanyabiashara wa Kisii na Nyamira wanaopokea malipo kwa simu wanatuuliza swali moja mara kwa mara: tovuti yangu niihosti wapi, mahali pa kuaminika na bei isiyoumiza? Kuhosti ni kukodi nafasi kwenye kompyuta kubwa, yaani seva, inayowaka usiku na mchana ili mtu yeyote akiandika jina la biashara yako kwenye simu aione tovuti. Unaweza kusema hilo ni swali la fundi wa tovuti, si la kampuni ya malipo. Sisi hatukubali. Siku tovuti yako inapoanza kupokea pesa, pale ilipohostiwa pamekuwa sehemu ya kaunta yako, na kaunta ikianguka sisi ndio wa kwanza kupigiwa simu.

Maoni yetu ni haya, na tutayaeleza hatua kwa hatua: usichague kampuni ya kuhosti kwa bei ya tangazo. Chagua ile unayoweza kuihama wakati wowote ukitaka, ukiwa na jina lako, data yako na wateja wako mkononi. Kampuni ya namna hiyo mara nyingi si ghali kuliko nyingine. Tofauti ni kwamba wewe ndiye unayeshika funguo.

Kwanza, je, unahitaji tovuti?

Tuanze na ukweli ambao wauzaji wa tovuti hawapendi kuusema. Mama anayeuza ndizi soko la Daraja Mbili hahitaji kuhosti chochote. Till namba iliyobandikwa vizuri, WhatsApp ya biashara yenye picha na bei, na simu inayopokelewa, vinamtosha kabisa. Kinyozi wa Keroka naye ni hivyo hivyo. Ukimwona mtu anakopa ili atengenezewe tovuti ambayo wateja wake hawataifungua, mwambie angoje.

Wapo wanaoihitaji kweli. Wachongaji wa mawe ya Tabaka, ambao wanunuzi wao wengine wako Ulaya na Marekani na hawatafika Mugirango Kusini kuona sampuli. Gesti ya Nyamira mjini inayotaka mgeni alipie chumba kabla ya kupanda matatu. Shule inayotaka wazazi waone karo na walipe bila kupanga foleni. Sacco na vikundi vya wakulima wa chai wanaotaka wanachama waangalie michango yao. Kama uko kwenye kundi hili, endelea kusoma.

Pesa inapotoka na tovuti haina habari

Hebu tueleze kinachotokea mteja anapobonyeza "lipa" kwenye tovuti yako. Tuchukue mfano wa M-Pesa, kwa kuwa ndiyo inayotumika zaidi Kenya. Tovuti hutuma ombi kupitia Daraja (si Daraja Mbili, hii ni mitambo ya Safaricom ya kuunganisha tovuti na M-Pesa). Mteja anaona ujumbe kwenye simu, anaweka PIN, pesa inatoka. Baada ya hapo mitambo hutuma jibu kwa anwani fulani kwenye tovuti yako: amelipa, kiasi ni hiki, namba ya risiti ni hii. Jibu hilo ndilo linaloifanya tovuti iseme "asante, chumba chako kimewekwa".

Sasa fikiria seva yako imezima wakati huo, hata kwa dakika mbili. Pesa imeshatoka kwa mteja. Imeshaingia kwako. Ila jibu limebisha hodi likakuta mlango umefungwa. Tovuti inaendelea kusema "unasubiriwa kulipa". Mteja analipa mara ya pili, au anakasirika na kukuita mwizi kwenye Facebook ambapo kijiji kizima kinasoma. Wewe uko kwenye matatu ya Nairobi, hujui lolote.

Kuna hali nyingine inayofanana na hiyo: seva iko macho lakini ukuta wake wa usalama unalichukulia jibu la malipo kama uvamizi na kulifukuza. Kuna kampuni za kuhosti ambazo ukiwaandikia watafungua njia hiyo kwa dakika kumi. Kuna nyingine ambazo utaandika wiki nzima bila kujibiwa. Tofauti hiyo haiandikwi kwenye jedwali la bei.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kampuni yoyote liwe hili: mna wateja wengine wanaopokea malipo ya simu kwa seva zenu, na jibu la malipo likizuiwa, nani atashughulikia na kwa muda gani? Na kwa fundi wako: tovuti ikikosa jibu, je, ina njia ya kurudi kuuliza mitambo "huyu alilipa au hakulipa"? Njia hiyo ipo, na fundi makini huiweka tangu mwanzo.

Hiyo "asilimia 99" ni saa ngapi?

Matangazo mengi hujivunia asilimia. Tuzigeuze ziwe saa. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Kampuni inayoahidi asilimia 99.9 inajiachia nafasi ya kuzima kwa dakika kama 43 kwa mwezi. Ile inayoahidi asilimia 99 inajiachia saa 7 na dakika 12. Kwa macho namba hizo mbili zinakaribiana, lakini kwa gesti wakati wa Desemba, watu wakirudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa, saa saba ni jioni nzima ya wageni waliokwenda kwa jirani.

Soma pia fidia. Kwa kawaida ahadi ikivunjwa, unarudishiwa sehemu ya ada ya kuhosti, si mauzo uliyopoteza. Ukilipa shilingi 3,500 kwa mwaka, siku moja ya kuhosti ina thamani ya chini ya shilingi 10. Ndivyo mkataba unavyoipima siku yako iliyopotea. Kwako wewe siku hiyo inaweza kuwa vyumba sita. Ndiyo maana tunasema ahadi ya asilimia ni nzuri kuwa nayo, ila historia ya kampuni na namna wanavyojibu simu ni muhimu zaidi.

Na hapa tuondoe wasiwasi mmoja tunaousikia. Stima ikipotea Ogembo au Nyansiongo, tovuti yako haipotei, maana seva haiko kwenye duka lako. Iko kwenye jengo lenye jenereta na betri, Nairobi au ng'ambo. Usikubali mtu akuambie ataihosti kwenye kompyuta ya saiba yake "ili iwe karibu". Hapo ndipo stima itakapokusumbua.

Nairobi au ng'ambo?

Jibu linategemea mteja wako anakaa wapi.

Kama wateja wako wako Kisii, Nyamira, Sotik na Nairobi, seva iliyo Nairobi ina faida ya kweli. Mitandao ya Kenya hubadilishana data humu humu nchini kwenye kituo cha KIXP, kilichoanzishwa mwaka wa 2000, badala ya kuipeleka Ulaya na kuirudisha. Faida hiyo ilionekana Mei 2024. Tarehe 12 mwezi huo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa ya kukokota Kenya na nchi jirani. Wakati kama huo, tovuti iliyohostiwa ndani ya nchi haihitaji kuvuka bahari ndipo imfikie mzazi aliye Manga.

Kama wanunuzi wako wako Chicago au London, kama ilivyo kwa wachongaji wengi wa Tabaka, mambo hugeuka. Seva iliyo karibu na mnunuzi itamfungulia picha za vinyago haraka zaidi, na mteja wa mtandaoni hana subira. Hakuna aibu kuhosti ng'ambo. La muhimu ni kujua. Ziko kampuni zenye jina la Kikenya, namba ya simu ya Kenya na anwani ya .co.ke, ambazo seva zake ziko Ujerumani au Marekani. Hilo si kosa, mradi wakuambie ukiuliza. Wakizungukazunguka, jua hapo kuna jambo.

Ng'ambo kuna gharama moja inayosahaulika: dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Miezi michache baadaye ilishuka hadi karibu 130. Huduma ya dola 60 kwa mwaka ilikuwa shilingi 9,600 kwa aliyelipa Januari, na 7,800 kwa aliyelipa baada ya shilingi kupata nguvu. Hakuna aliyepandisha bei wala kuishusha. Ni shilingi tu iliyotembea. Ukichagua kulipa kwa dola, weka akiba ya mtikisiko huo.

Bei ya mwaka wa pili

Mtego mkubwa kuliko yote uko hapa. Tuseme kampuni ya kwanza inatangaza shilingi 1,200 kwa mwaka wa kwanza, na kwa maandishi madogo, 6,500 kila mwaka baadaye. Kampuni ya pili inatoza 3,500 kila mwaka. Mwaka wa kwanza ya kwanza inaonekana zawadi. Hesabu miaka mitatu: ya kwanza ni 14,200, ya pili ni 10,500. "Rahisi" imekuwa ghali kwa shilingi 3,700, na huko nyuma tayari umeshachapisha jina la tovuti kwenye kadi, kwenye bango na kwenye mlango wa pikapu.

Kwa hiyo usiulize "bei ni gani?" Uliza "mwaka wa pili na wa tatu nitalipa ngapi, ikiwemo VAT?" Uandikiwe.

Tazama pia vitu unavyouziwa ambavyo hupaswi kulipia. Kufuli dogo linaloonekana kando ya anwani ya tovuti ni cheti cha usalama, na bila hicho mitambo ya malipo haitatuma majibu kwa tovuti yako. Cheti cha kawaida hupatikana bure kupitia Let's Encrypt tangu 2016, na kampuni nyingi nzuri hukiweka zenyewe na kukifanya upya zenyewe. Ukiona unatozwa maelfu kwa cheti cha tovuti ndogo ya gesti, uliza kwa nini.

Na neno "bila kikomo" lisikudanganye. Hakuna seva isiyo na kikomo. Kikomo kimewekwa kwingine: idadi ya faili, nguvu ya kompyuta, barua pepe kwa saa. Tafuta ukurasa wa masharti na usome sehemu hiyo hata kama ni kwa msaada wa mtoto wa sekondari.

Jina la tovuti ni lako au la fundi?

Tumefika kwenye jambo tunaloliona zito kuliko bei. Tovuti nyingi huku kwetu hutengenezwa na vijana waliosomea kompyuta, wengine wakiwa bado chuoni. Wanafanya kazi nzuri kwa bei ya haki na tunawaunga mkono. Lakini mara nyingi fundi anasajili jina la tovuti, yaani domeni, kwa jina lake, kwa barua pepe yake, na nenosiri analo yeye. Si kwa ubaya. Ilikuwa haraka tu. Halafu anapata kazi Nairobi au Doha, anabadilisha namba, na domeni inafika siku ya kulipiwa upya. Ujumbe wa kukumbusha unaenda kwenye barua pepe asiyoifungua tena.

Jina likishaisha muda na kuachiliwa, mtu mwingine anaweza kulichukua. Barua pepe zote zenye jina hilo zinakufa nalo. Na kama ni tovuti ya malipo, fikiria mgeni mwenye nia mbaya akiwa na jina ambalo wateja wako wamezoea kulilipia.

Domeni zinazoishia na .ke husimamiwa na KENIC, na huuzwa kupitia kampuni zilizoidhinishwa nayo. Biashara hutumia .co.ke, mashirika .or.ke, shule za msingi na sekondari .sc.ke. Kwa kawaida .co.ke hugharimu karibu shilingi elfu moja kwa mwaka, kwa hiyo si ada ya kukufanya umwachie mtu mwingine umiliki. Fanya hivi: isajiliwe kwa jina lako au la biashara, kwa barua pepe unayoifungua mwenyewe, na ulipe miaka miwili au mitatu kwa pamoja ukiweza. Fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi, asipewe hati ya shamba.

Kumbuka pia kwamba domeni na nyumba ya tovuti ni vitu viwili. Unaweza kununua jina kwa kampuni moja na kuhosti kwa nyingine. Tunapendelea hivyo kwa biashara zinazopokea pesa nyingi, maana ukigombana na mwenye nyumba, kibao cha biashara bado ni chako.

Nakala ikae nyumba nyingine

Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVH liliungua Strasbourg, Ufaransa. Hiyo ni kampuni kubwa sana Ulaya. Tovuti nyingi zilizimika, na baadhi ya wateja walipoteza kila kitu kwa sababu nakala zao za akiba zilikuwa pale pale. Kama moto unaweza kuwafikia wakubwa hao, hakuna kampuni ya kukuambia "sisi haiwezekani".

Uliza: nakala ya tovuti yangu inachukuliwa kila baada ya muda gani, inakaa wapi, na kuirudisha ni bure au ni kwa malipo? Kisha, hata wakikujibu vizuri, pakua nakala yako mwenyewe kila mwezi na uiweke kwenye diski au kwenye hifadhi nyingine ya mtandaoni. Mkulima wa mahindi haweki mbegu zote kwenye ghala moja.

Humo ndani kuna pia namba za simu na majina ya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakudai uzilinde, uwe mdogo au mkubwa. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, unatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Huwezi kufanya hivyo kama kampuni unayohostia haikuambii lolote, wala hujui data iko wapi. Na kwa hali yoyote, PIN ya mteja haipaswi kuombwa wala kuhifadhiwa kwenye tovuti yako. PIN huwekwa kwenye simu yake tu.

Jinsi ya kupima kabla ya kulipa

Usinunue siku hiyo hiyo. Chagua kampuni tatu. Jumamosi saa mbili usiku, zitumie zote swali moja lile lile: "Jibu la malipo ya simu halifiki kwenye tovuti, mtanisaidiaje?" Aliyekujibu kwa akili ndani ya saa chache, kwa lugha unayoielewa, ameshakuonyesha atakavyokuwa siku ya shida. Aliyekujibu Jumatatu mchana kwa kukutumia bei tu, naye amejionyesha.

Ukishachagua, lipa kwa Paybill au Till yenye jina la kampuni, si kwa namba ya mtu binafsi. Soma jina kabla ya kukamilisha, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho. Anza na mwaka mmoja, si mitano, hata kama mitano ina punguzo kubwa. Ukiweza, lipia mwezi mmoja kwanza. Fanya malipo ya majaribio ya shilingi 10 asubuhi, mchana na usiku kwa wiki nzima, na uone kama tovuti inayatambua yote.

Mwisho, wakati bado mnapendana, uliza swali la kuachana: nikitaka kuhama kesho, nitapata faili zangu zote, data ya wateja na msimbo wa kuhamisha domeni ndani ya siku ngapi, na mtanitoza nini? Kampuni nzuri itajibu bila kununa. Kuna watakaosema kutafuta yote haya ni kazi nyingi kwa tovuti ya shilingi elfu tatu. Tunakubali ni kazi. Lakini haipiti jioni mbili, na wewe hupangi chumba cha duka Kisii mjini bila kuuliza kodi ya mwaka ujao, nani ana ufunguo wa pili, na notisi ni ya miezi mingapi. Tovuti inayopokea pesa ni duka vilevile. Uliza maswali hayo hayo, na ukikosa majibu, songa mlango unaofuata.